Makaa Katika Udongo wa Theta

Mishi Ali alikuwa na mizani yake mwenyewe. Sukari yoyote aliyonunua dukani aliipima upya nyumbani, na ikipungua alirudi dukani kabla ya kuvua viatu. Mafuta ya taa aliyanusa. Maziwa aliyaonja mbele ya aliyemuuzia, tena taratibu, huku muuzaji akingoja. Mtu akimsalimu kwa uchangamfu kupita kiasi, alijiuliza anataka nini. Majengo ya Thika, alikozaliwa, wanawake walimwita Mama Inspekta, na jina hilo halikumuudhi hata kidogo.

Babake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kupika katika shamba la mkonge na asirudi tena kwao. Mamake alikuwa Mkamba wa upande wa Yatta aliyesilimu alipoolewa. Watoto wa nyumba ile walikua wakiongea Kiswahili, na kila walipotoka nje ya Majengo waliulizwa wao ni watu wa wapi hasa. Mishi alizoea kuulizwa, naye akajifunza kuuliza.

Mumewe Uthman alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo, mtu mpole aliyeamini kila alichoambiwa mpaka ithibitike kuwa ni uongo, na hata hapo alisikitika badala ya kukasirika. Kiwanda kilipopunguza watu mwaka wa 1991, alichukua malipo yake akanunua kipande cha shamba Theta, upande wa Ruiru, kisha ndipo akamwambia mkewe. Aliyemuuzia aliitwa Gerishon, mwanakamati wa kampuni ya wanakijiji iliyokuwa imenunua shamba la kahawa la Mzungu na kulikata vipande vipande.

Mishi alikwenda kuliona akiwa amenuna. Aliona udongo mwekundu mzuri, mtaro wa maji upande wa chini, na karibu na mtaro sakafu ya saruji iliyopasukapasuka pamoja na mabati yaliyooza. Akamwuliza Gerishon palikuwa na nini pale. Gerishon akajibu kwamba palikuwa na banda la ng'ombe. Akamwuliza kwa nini kipande kizuri hivyo, chenye maji, hakikuchukuliwa na mwanachama yeyote. Gerishon akacheka na kusema kwamba kila mtu ana bahati yake. Njiani kurudi Mishi alimwambia mumewe kwamba lile halikuwa jibu.

"Mtu ametupa nafasi nzuri, Mama Firdaus," Uthman akasema. "Tumkosee heshima kwa kumhoji?"

Wakahamia. Uthman aliendelea kushona kanzu Majengo na kurudi jioni, na Mishi akawa mkulima. Juu alipanda mahindi na maharagwe. Chini, kuizunguka ile sakafu, alipanda maboga, na maboga yakaitikia kama kwamba yalikuwa yakimngoja. Yalitambaa juu ya saruji, yakapanda mabati, yakazaa mazito yenye rangi ya chungwa iliyokolea. Kila Ramadhani Mishi aliyapeleka Majengo kwa mkokoteni, na wanawake wakanunua ya kupikia futari, boga la nazi lenye sukari na iliki. Walimwambia hakuna boga tamu kama la Theta. Binti yake Firdaus, aliyeolewa mtaa wa Githurai 45, hakukubali kula mengine.

Jambo moja tu lilimkera. Jirani yake Shiko, mke wa Bedan, alipokea mahindi na maharagwe aliyopewa, akashukuru vizuri. Lakini kila alipopelekewa boga alilikataa. Mara alisema wamekula malenge juzi, ndivyo alivyoyaita maboga, mara akasema Bedan yanamsumbua tumbo. Mishi alikuwa amemwona kwa macho yake sokoni Ruiru akinunua majani ya malenge ya kupikia mukimo wa viazi. Akakata shauri kwamba Shiko anaogopa chakula cha Waislamu. Tangu hapo salamu zake kwa jirani huyo zikawa fupi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1995, kabla ya mvua za masika, Mishi alitoka nyumbani akamkuta msichana aliyevaa gambuti amepiga magoti karibu na mtaro, akitia udongo ndani ya mfuko wa plastiki. Mishi alikwenda, akauchukua ule mfuko, akaumwaga, akasimama.

Msichana akainuka na kuomba msamaha. Alisema alibisha hodi na hakusikia jibu. Jina lake lilikuwa Perez, kwao Siaya, na alikuwa akisoma shahada ya pili katika chuo kimoja. Alikuwa akizunguka mashamba ya zamani ya kahawa, kutoka Ruiru hadi Theta, akitafuta mahali palipokuwa na stoo za dawa za kunyunyizia. Mishi akamwambia kwamba hapa palikuwa na banda la ng'ombe. Perez akaitazama ile sakafu, akautazama mtaro, akanyamaza.

Kimya hicho ndicho kilichomsumbua Mishi usiku kucha. Kwa hiyo msichana aliporudi wiki iliyofuata kuomba ruhusa vizuri, alimpa udongo kiasi cha kikombe, akimwangalia mikono. Na aliporudi tena, hakuwa na habari njema. Alisema udongo wa upande wa chini una dawa ya zamani iitwayo dieldrin, iliyotumika kuua wadudu. Haiozi upesi, hukaa ardhini miaka na miaka. Mahindi hayaivuti sana, maharagwe vilevile. Lakini jamii ya maboga na matango huivuta kwa mizizi na kuipandisha hadi kwenye tunda. Mtu akila, hukaa katika mafuta ya mwili wake.

Mishi aliuliza ni nani aliyemtuma. Perez alisema hakutumwa na mtu. Hiyo ndiyo kazi anayosomea. Kisha akaeleza alichotaka kufanya. Alitaka kuchanganya vumbi la makaa na udongo katika nusu ya sehemu ile ya maboga, na nusu nyingine aiache ilivyo, halafu apime maboga ya pande zote mbili.

"Makaa iko na vitundu vidogo sana, macho haiwezi kuona," alisema. "Dawa inaingia huko, inashikwa. Haitoki kwa shamba, mama, nisikudanganye. Inabaki hapo hapo, lakini mizizi haiwezi kuivuta."

Mishi akamwambia atafikiria. Alichofikiria ni kwamba hakuna mtu anayetembea kutoka chuoni hadi Theta kwa ajili ya maboga ya mtu asiyemjua. Miaka ile kila mtu alikuwa na habari ya kiwanja kilichonyakuliwa. Watu waliamka wakakuta beacon za mipaka zimepandwa katikati ya mboga zao, na mwenye gari akiwaonyesha karatasi. Vitu kama hivyo huanza na mgeni mwenye adabu anayeomba udongo kidogo.

Siku chache baadaye alikuja Gerishon. Hakuwa amekanyaga pale tangu auze. Alikubali chai, akauliza hali ya Firdaus, akasifu mahindi, mpaka Mishi akaanza kujiuliza anataka nini. Mwishowe akayafikia yaliyomleta.

"Nimesikia kuna watu wa chuo wanapitapita hapa," alisema. "Hawa hawakuji kwa sababu ya dawa. Wakishaandika hii shamba ni sumu, nani atanunua kwako? Halafu tajiri anakuja na bei ya bure, na wewe unashukuru. Fukuza yeye."

Maneno yale yalikuwa yaleyale aliyokuwa akiyawaza Mishi, na kwa sababu hiyohiyo hakuyapenda yalipotoka katika kinywa cha Gerishon. Alimsindikiza hadi barabarani na kubaki amesimama. Ikiwa msichana ni mwongo, Gerishon ana hasara gani? Na ikiwa Gerishon anamwonea huruma, huruma hiyo ilikuwa wapi miaka yote hii? Jioni alimweleza Uthman. Uthman alisema Gerishon ni mtu mzima na msichana ni mtoto wa watu, huenda wote wawili wana nia njema. Mishi akainuka kwenda kuosha vyombo.

Alimkubalia Perez, lakini kwa masharti yake. Jembe litashikwa na yeye mwenyewe Mishi. Makaa yatanunuliwa Gitothua kwa Makau, muuza makaa aliyemfahamu tangu zamani, si kuletwa kutoka kusikojulikana. Na siku ya kuvuna, atakayechuma ni yeye. Perez alisita kwa hilo la mwisho. Alisema angependa kuchuma mwenyewe, ndivyo kazi hii inavyofanywa. Mishi akamwambia basi aende akafanye kwao Siaya. Perez akakubali.

Makau aliwauzia magunia ya vumbi, akishangaa kwamba kuna mtu anayetaka kitu ambacho yeye humwaga. Walilitwanga na kulichekecha mpaka likawa laini kama unga. Perez mwenyewe alileta kopo dogo la unga mwingine mweusi wa kiwandani, akasema huo una nguvu zaidi na angetaka kuuchanganya kidogo. Mishi akauchukua kijiko kimoja, akaumwaga kwenye jiko lililokuwa likiwaka, akautazama ukishika moto na kung'aa mwekundu bila moshi wala harufu. Ndipo akaruhusu. Siku hiyo Perez alirudi nyumbani akiwa mweusi kuanzia kope hadi magotini.

Mtaani maneno yalienea upesi. Ndiyo ilikuwa miaka ya habari za waabudu shetani, na mwanamke Mwislamu anayefukia unga mweusi ardhini akiwa na mgeni aliwapa watu cha kusimulia. Wanawake waliokuwa wakipita njia ya mtaroni wakaanza kuzunguka. Shiko pekee hakuzunguka. Alisimama kwenye ua, akawatazama kwa muda mrefu, akaingia kwake.

Mvua ikanyesha. Maboga yakaota pande zote mbili, na Mishi akawa anayapitia kila asubuhi akitafuta tofauti. Hakuiona. Yale ya upande wa makaa yalichelewa kidogo kutambaa, kisha yakayafikia yale mengine. Majani yaleyale, maua yaleyale. Alikata boga changa la huku na la kule, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Hakukuwa na dalili yoyote. Hapo ndipo alipokasirika kwa kweli. Sukari pungufu aliweza kuipima. Maziwa yenye maji aliweza kuyaonja. Lakini huyu msichana alikuwa amemletea kitu ambacho hakina rangi wala harufu wala ladha, na kumtaka akiamini. Angeweza kuja na jibu lolote, na Mishi angelijuaje?

Alilifikiria hilo mpaka wakati wa kuvuna, na alipopata njia hakumwambia mtu, hata Uthman.

Asubuhi ambayo Perez alitarajiwa, Mishi alikuwa tayari ameweka magunia mawili mlangoni. Alikuwa ameyafunga kwa uzi wa cherehani, moja uzi mweusi na jingine uzi mweupe. Alimwambia Perez kwamba la uzi mweusi ni maboga ya upande wa makaa, na la uzi mweupe ni ya upande usiotiwa kitu. Perez akayaandika majina, akashukuru, akayapakia kwenye gari la chuo.

Haikuwa kweli. Katika gunia la uzi mweusi Mishi alikuwa ametia maboga ya upande usio na makaa. Katika lile la uzi mweupe alikuwa ametia maboga aliyoyanunua soko la Githurai 45 siku alipokwenda kumwona Firdaus, maboga ya mwanamke mmoja wa Murang'a. Maboga halisi ya upande wa makaa yalikuwa chini ya kitanda, yamefunikwa kwa leso. Msichana akija na kusema makaa yamefanya kazi vizuri, basi ni mwongo, na Mishi atamwambia hivyo usoni, kisha ataula mchuzi wake wa boga bila wasiwasi.

Wakati wa kungoja majibu, Gerishon alirudi. Safari hii alikuwa na pendekezo. Alisema kampuni ina kipande kingine kule juu, karibu na barabara, na kwa kuwa Uthman ni rafiki yake, anaweza kumbadilishia. Uthman alitaka kukubali palepale. Mishi aliuliza kile cha chini atakipeleka wapi. Gerishon akasema kuna watu wa Ruiru wanatafuta. Mishi akauliza kama watu hao wa Ruiru wanapenda malenge. Gerishon alimtazama, akaweka kikombe chini kabla ya kumaliza chai, akasema atapita siku nyingine.

Perez alikuja mwezi wa nane. Alitembea kutoka barabarani polepole, na alipoketi hakufungua mkoba wake. Alisema amekuja kusema ukweli ingawa unamwumiza. Matokeo yalikuwa yametoka kinyume. Maboga ya upande wa makaa yalikuwa na sumu nyingi, zaidi kuliko alivyoogopa. Ya upande mwingine hayakuwa na kitu. Mwalimu wake alikuwa ameshauri kwamba bila shaka magunia yamechanganyikana, ageuze majina tu, kazi iishe na apate shahada yake.

"Nilikataa," Perez alisema. "Sijui kama yalichanganyika. Ningegeuza, ningekuwa nimebuni. Kwa hivyo nimekuja kukuambia, mama, usikule ya upande wa makaa, na usiuzie mtu. Huenda makaa imefanya mambo kuwa mbaya. Kama ni hivyo, ni mimi nimekuharibia shamba, na nitarudi niondoe hata kama ni kwa mikono."

Mishi alikuwa amejiandaa kwa mwongo, hakuwa amejiandaa kwa hili. Aliinuka akaenda jikoni, akapakua wali na maharagwe, akamwekea msichana mbele, akamwambia ale kwanza. Perez alikula kidogo kwa heshima. Kisha Mishi akamwita chumbani, akainua shuka, akavuta ile leso.

"Haya ndiyo ya makaa," alisema. "Yale ya uzi mweusi yalitoka upande mwingine. Ya uzi mweupe nilinunua Githurai."

Perez aliyatazama maboga. Alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta. Alisema kwa sauti ndogo.

"Nimelia wiki mbili, mama. Nimeonekana mjinga mbele ya watu wote."

"Nilitaka kujua kama wewe ni mwongo."

"Na sasa umejua?"

"Sasa nimejua shamba langu lina sumu," Mishi akasema, akaketi kitandani.

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ya kupimia huko Nairobi, isiyomjua Mishi wala uzi wake, ilikuwa imelitambua boga la Murang'a kuwa safi na boga lake kuwa chafu. Alikuwa amelitega jaribio ili limwonyeshe uongo wa mtu, nalo likamwonyesha kwamba mambo ni kweli. Misimu yote ile ya Ramadhani, mikokoteni yote ile. Akamfikiria Firdaus, ambaye tumbo lake lilikuwa kubwa tayari na hakukubali kula maboga mengine. Akamwuliza Perez kuhusu mtoto aliye tumboni. Perez alisema hakuna ajuaye kwa hakika. Dawa hiyo humfikia mtoto kupitia damu ya mama, na baadaye kupitia maziwa, lakini watu wengi hula kidogo na hawaonyeshi ugonjwa. Alisema Firdaus aache maboga hayo leo, asiache kunyonyesha wakati utakapofika, na amweleze daktari wa kliniki. Mishi aliona kwamba msichana angeweza kumpa maneno matamu zaidi, na hakumpa.

Perez aliondoka na maboga ya chini ya kitanda. Majibu yake yalipokuja, makaa yalikuwa yamefanya kazi, kiasi. Sumu ilikuwa imepungua hadi kama robo ya ile ya upande mwingine. Haikuwa imekwisha. Perez alisema boga la namna hiyo yeye asingempa mtu ale, ila msimu baada ya msimu makaa yangeweza kushika zaidi.

Lakini kabla ya hapo, siku ileile Perez alipoondoka na maboga, Mishi alikwenda kwa Shiko. Hakubisha mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akamkuta akimenya viazi. Alimwuliza jambo moja tu, kwa nini alikuwa akiyakataa maboga yake. Shiko aliendelea kumenya kiazi mpaka kikawa kidogo mno.

"Bedan alikuwa anafanya kazi kwa hiyo stoo," alisema hatimaye. "Wakati wa Mzungu. Walikuwa wanaoshea mitungi ya dawa hapo chini, maji inaenda kwa mtaro. Samaki ilikufa. Sisi tunajua hiyo mahali, Mama Firdaus."

"Na hukuniambia."

"Gerishon ni wa mbari yetu. Alisema tukiharibu biashara ya kampuni, hata sisi hatutapata title ya shamba. Nilifikiria ukiona nakataa, utauliza."

Mishi alikuwa akijiuliza juu ya kila mtu na kila kitu, na swali hilo moja hakuwahi kumwuliza Shiko mwenyewe. Alikuwa na jibu lake tayari, kwamba jirani anachukia dini yake, na jibu hilo lilikuwa limemtosha. Hakumsamehe Shiko siku hiyo. Alirudi nyumbani bila kuaga. Lakini baada ya siku chache Bedan mwenyewe alikuja, mzee mwembamba mwenye kikohozi kisichokwisha, akatembea na fimbo yake kwenye sehemu ile ya chini na kuwaonyesha mahali mitungi mitupu ilipofukiwa. Ilikuwa mbali kidogo na maboga, upande ambao Mishi alikuwa akipanga kupanda nduma, yaani magimbi.

Firdaus alijifungua mwezi wa kumi na moja, mtoto wa kike mwenye afya. Mishi alimpokea, akamgeuza, akamhesabu vidole, akamtazama machoni muda mrefu mpaka Firdaus akamwuliza anatafuta nini. Alisema hatafuti kitu. Miaka iliyofuata, kila mtoto huyo alipopata homa, alikuwa akiuliza maswali ambayo daktari hakuyaelewa.

Ramadhani iliingia mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1996. Mishi alikwenda Majengo bila mkokoteni. Uthman alikuwa amemsihi aseme tu kwamba maboga hayakuzaa, watu wasiingiwe na hofu bure. Yeye alikwenda nyumba hadi nyumba akasema yote. Kuna walioshukuru. Kuna waliouliza mbona amejua baada ya kuwalisha miaka yote. Mwanamke mmoja waliyekua pamoja, aliyekuwa akinunua maboga yake kuliko wote, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwamba labda amepata soko la bei nzuri Nairobi na hataki kusema. Mishi aliyajua macho yale. Yalikuwa yake mwenyewe. Hakujitetea, angejitetea kwa nini?

Masika yalipofika walitia makaa tena, safari hii sehemu yote, hata pale palipofukiwa mitungi, na juu yake wakapanda miche ya mgrevilea, mti wa mbao, badala ya kitu cha kuliwa. Perez alisaidia. Shiko alileta maji kwa debe, akayamwaga kwenye mashimo bila kuombwa, na Mishi akamwachia.

Gerishon hakuguswa na mtu. Mishi alimfuata hadi kwenye mkutano wa kampuni akasimama mbele ya wanachama na kuuliza kuhusu lile banda la ng'ombe. Gerishon alijibu kwamba yeye aliuza ardhi, hakuuza dawa, na kwamba mama huyu ameshawishiwa na watu wa nje. Wengine walipiga makofi. Kipande kilichopakana na cha Mishi upande wa mtaro kikatangazwa kuuzwa.

Walionunua walikuwa vijana, mume na mke kutoka Gitothua. Siku walipoletwa kukiona, Mishi alivuka mpaka akawaambia alichokuwa akikijua, mbele ya Gerishon, bila kupandisha sauti. Mume alimsikiliza huku akitabasamu upande mmoja wa mdomo. Kisha akamwambia mkewe, kwa sauti ambayo Mishi aliisikia vizuri, kwamba huyo mama anakitaka kipande hicho mwenyewe. Wakanunua.

Mishi aliwaona wakijenga, wakilima, wakipanda mbegu upande wa chini ambapo maji hayakauki. Hakurudi kuwaambia mara ya pili. Asubuhi moja, mume akiwa amekwenda kazini, mke alikuja akasimama kwenye ua. Alisema jina lake ni Waithira. Alikuwa na ujauzito ambao ulikuwa umeanza tu kuonekana. Aliitazama ile miche ya mgrevilea na udongo uliokuwa mweusi kuliko udongo mwingine wote wa Theta.

"Hiyo makaa," akasema, "mlinunua wapi?"

Mishi alimtazama kwa makini, kama alivyomtazama kila mtu. Kisha akamwuliza walikuwa wamepanda nini kule chini, na wamepanda hadi wapi. Waithira akasema ni malenge, na akaonyesha kwa kidole. Mishi akaingia ndani, akachukua jembe, akamwambia kwanza wayang'oe malenge, kisha ndipo waende kwa Makau kununua makaa.